Kamyoneti Iliyovuliwa Kofia

Nichekeni mkitaka, hata mimi ningekuwa upande wenu ningecheka, lakini hadi leo nikiiona mikate ya Papa Ramazani uso unaniwaka kwa haya.

Wakati ule wa Wabelgiji, hapa Elisabethville, nilikuwa na kamyoneti safi kabisa, kigari cha mizigo kilichofungwa nyuma kama sanduku, injini haikohoi, rangi inang'aa, mafuta nabadilisha mwenyewe. Ila ilikuwa na kasoro moja isiyoonekana kwa macho: siku za kazi ilibeba unga, na mtu akifa mtaani ndiyo iliyompeleka makaburini (jirani amefiwa, utamkatalia vipi?). Mke wangu, mimba ikiwa kubwa, akaapa: "Miye sitapanda mule na mutoto wangu. Uzisha ile kintu, utafute ingine."

Mnunuzi akapatikana, Papa Ramazani, mwoka mikate wa Naviundu, asiyejua habari za mtaani kwetu.

"Ulikuwa unabeba nini?" akaniuliza.

"Bunga tu, Papa." (Unga si ulikuwemo?)

Siku ya kuijaribu nikavaa suti yangu nyeusi, ile ile ya maziko, kwa kuwa sikuwa na nyingine na nilitaka nionekane mtu wa maana. Papa Ramazani naye akaja na akili zake: "Minaenda kuikala nyuma, funga mulango, nisikie kama inapiga makelele. Tuende kwangu, bibi yangu aione. Ongoza polepole."

Nikaongoza polepole. Hatujafika mbali, mwanaume mmoja akavua kofia, mwingine akashuka baiskeli, na wamama wakaacha biashara zao wakaanza kutufuata wakilia. Mmoja akagonga kioo: "Papa, ni nani alikufa?" Ningemjibu nini, na mnunuzi mwenyewe yuko nyuma ametega sikio? Nikaweka kidole mdomoni na kutikisa kichwa, naye akadhani nimezidiwa na uchungu, akalia zaidi.

"Makelele gani ile?" Papa Ramazani akauliza kutoka nyuma.

"Ni kilio ya bantu, Papa, tunapishana nayo."

Tulipofika kwake, mkewe akatoka na unga mikononi, akaona umati, akaona suti yangu, akaona kiti cha mbele kitupu. Akaanguka pale pale mlangoni. "Weee, bwana yangu!" Nikakimbia kufungua nyuma, Papa Ramazani akashuka mzima, anatabasamu: "Iko muzuri! Haipige hata kelele!" Nusu ya waliolia walikimbia.

Akamwinua mkewe, akawatazama watu, akaelewa. Heri angenipiga.

"Ungeniambia kweli, ningeinunua ya kubeba kuni," alisema taratibu. "Sasa angalia bibi yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, yangu iliishia Naviundu. Habari zikaenea, hakuna aliyekuja tena kuiulizia, na uchungu ulipomshika mke wangu hatukuwa na motokari nyingine. Nikamkalisha mbele, nikaikimbiza kadiri ilivyoweza, na bado njiani watu wakavua kofia. Aliwaona. Akavuta kitenge chake akafunika tumbo.

Mtoto alizaliwa mzima, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nikiuza hata kuku, kasoro yake naitaja kwanza, kabla ya bei.