Sori Iliyonipeleka Kamatini

Kwetu Morogoro, mtu akijikwaa mbele yako usipompa pole, anaondoka akijiuliza kama una kinyongo naye. Mama alitulea hivyo. Unamkuta fundi juu ya paa: pole na kazi. Mtu katoka Dodoma: pole na safari. Mtu kachomwa na jua, mtu kakalia kiti kibovu, mtu kaolewa na mwanamume msumbufu, wote hao pole. Basi nilipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Toronto, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya chuo chetu na chuo cha huko, nilipanda ndege na pole zangu zote, ila nilikuwa nimeshazitafsiri. Shuleni tulifundishwa kwamba pole kwa Kiingereza ni sori. Mwalimu aliyetufundisha hivyo namtafuta mpaka leo.

Mambo yalianzia kwenye ngazi za nje ya bweni, mwezi wa kwanza. Barafu ilikuwa imeganda juu ya ngazi, ile nyembamba isiyoonekana, na msichana mmoja wa ghorofa yetu alikuwa akishuka mbele yangu na kikombe cha kahawa. Akateleza. Kahawa ikaenda kivyake, yeye akaenda kivyake, akaangukia mkono. Nikateremka mbio, na mimi mwenyewe nusura nianguke, nikapiga magoti kwenye theluji nikamshika bega. "Sori! Sori jamani! Sori sana mpenzi!" Kila alipolia, nikamwongezea nyingine. Ningefanya nini? Watu wakakusanyika, wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, na hakuna hata mmoja aliyempa pole. Nikasema moyoni, watu wa huku hawana huruma.

Mkono ulikuwa umevunjika. Baada ya siku chache msimamizi wa bweni, mama mmoja mwembamba wa sauti ya chini, akaniita ofisini kwake. Nikamkuta amezama kwenye makaratasi hadi shingoni. Nikamwonea huruma, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Morogoro, "Sori kwa kazi."

Akaacha kuandika. "Kazi gani?"

"Hii yote," nikasema, nikimwonyesha meza.

Akaniuliza taratibu kama nakubali kwamba yote yale nimeyasababisha mimi. Nikaona huyu mama kachoka kweli, nikampa sori nyingine.

Ndipo akanieleza. Watu waliokuwepo pale ngazini walinisikia nikiomba radhi mfululizo, na mtu haombi radhi kwa jambo asilolifanya. Kwa hiyo ilionekana nilimsukuma yule msichana. Kamati ya nidhamu ingekaa kunisikiliza. Nikikutwa na kosa, natolewa bwenini, na kwa kuwa mpango wetu ulitaka mwanafunzi mgeni akae bwenini, masomo nayo ndiyo basi, narudi nyumbani kabla hata muhula haujaisha. Nikamfikiria baba. Baba alichinja mbuzi kuniaga, na tangu niondoke alikuwa akiwasimamisha watu njiani kuwaambia mtoto wake yuko Kanada. Sasa nirudi nimwambie nini? Kwamba nimefukuzwa kwa kumpa mtu pole?

Kibaya zaidi, yule msichana mwanzoni hakukumbuka kusukumwa. Ila aliposikia nimeomba radhi kiasi kile, akaanza kukumbuka mkono mgongoni. Simlaumu sana, maana hata mimi nilianza kuukumbuka. Nilikuwa nakaa darasani, mhadhiri anasema yake, mimi nautazama mkono wangu wa kulia na kuuliza uliniponyoka saa ngapi.

Jumapili nikaenda mtaa wa St. James Town kwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, tuliyejuana kanisani kwenye ibada ya Kiswahili. Nikamhadithia, akacheka hadi akakaa sakafuni jikoni kwake.

"Aki wewe! Nyinyi Watanzania mtatumaliza. Sikiza, hapa mtu akiumia, mwenye anasema sori ndiye amemuumiza. Mimi nikianza kazi niliambia mzee mmoja sori juu ya mguu yake, akaitisha daktari akitaka kujua nimeifanya nini."

"Sasa niseme nini?"

"Usiseme! Mpaka hiyo kamati iishe, hiyo neno isitoke kwa mdomo yako. Hata jengo ikianguka."

Akaahidi kuja kukaa karibu yangu siku ya kamati, anilinde na mdomo wangu. Nilimshukuru sana.

Kuishi bila neno lile yalikuwa mateso. Kwenye basi bibi mmoja akajigonga kichwa kwenye chuma, kwaa, mimi nikang'ata skafu. Mwenzangu darasani akakohoa hadi machozi yakamtoka, nikageukia dirishani. Na wakati huohuo Wakanada wenyewe sori haziwakauki mdomoni! Unamkanyaga mtu, yeye ndiye anakuomba radhi. Nilimwona mwanamume kagongwa na mlango, akauambia mlango sori. Hakuna aliyemwitia kamati. Nilikereka, sisemi uongo.

Siku ikafika. Walikuwepo msimamizi, wahadhiri wawili, na yule msichana, mkono wake umefungwa hogo jeupe la plasta. Mimi niliwekwa kwenye kiti peke yangu mbele ya meza, na dada Mkenya akakaa nyuma yangu. Mwenyekiti wa kamati, mhadhiri mzee, alichelewa. Alipoingia hakuvua hata koti. Akasema tumwie radhi, mama yake amefariki wiki ile, na alikuwa ametokea makaburini moja kwa moja.

Weee! Mfiwa yuko mbele yangu, viatu vina udongo wa makaburini, na mimi nimekatazwa. Neno likanipanda hadi kooni. Dada akanifinya mgongoni, nikalimeza. Hapo ndipo chumba kizima kikaanza. "Sori sana," akasema msimamizi. "Sori, jamani," akasema mhadhiri wa kwanza. Wa pili naye, sori. Hata yule msichana wa hogo, kwa sauti ya huruma kabisa, sori. Walipomaliza wakanigeukia mimi, niliyebaki kimya peke yangu, wakanitazama kama mtu asiye na roho.

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikasimama.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Kati yenu, nani kamuua?"

Nyuma yangu nikamsikia dada akimwita Yesu. Msimamizi akawa mwekundu kama nyanya. "Umesema nini?"

"Mama yake. Wote mmeomba radhi, na mtu haombi radhi kwa jambo asilolifanya. Uliniambia wewe mwenyewe. Basi aliyemuua ajitaje." Nilisema nusu kwa hasira, nusu kwa woga, nikijua nimeshajikatia tiketi ya kurudi kwa baba.

Kisha yule msichana akaniita. "Ulivyosema sori pale nje," akasema, "ulikuwa unamaanisha hivi? Kama sisi sasa hivi?"

"Hivyo hivyo. Ulikuwa umeumia."

Akafikiri sana. Akasema siku ile alikuwa amebeba begi la mgongoni. Kwamba akiwaza vizuri, huenda ule mkono ulikuwa begi.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema hakuna kesi, nibaki bwenini, na ngazi zimwagiwe chumvi ya kuyeyusha barafu. Nikakaa. Wengine wakatoka. Dada akaniambia atanisubiri kwenye korido na nisithubutu kufungua mdomo tena.

Lakini mwenyekiti hakuondoka. Alikaa vilevile na koti lake, kisha akaniuliza kwetu mtu kama yeye anaambiwaje. Nikamwambia, "Pole." Safari hii sikutafsiri. Akataka kujua mwenye kuambiwa anajibu nini.

"Nimeshapoa."

Akauliza maana yake. Nikamweleza: nimepata nafuu, maumivu yamepungua. Akatikisa kichwa, akasema hawezi kujibu hivyo, maana si kweli. Nikamwambia si kweli kwa mtu yeyote. Kwetu watu hujibu hivyo kaburi likiwa bado bichi, na kila anayelisikia jibu hilo anajua hawajapoa. Akajaribu. Neno likampinda mdomoni, akajaribu tena, akafika katikati, akaanza kulia. Sikumwongezea neno. Nikasogeza kile kiti nilichokuwa nimewekwa hadi upande wake wa meza, nikakaa naye mpaka akalimaliza neno lake.