Sumu Iliyotafutwa Kisimani

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara alinipokea kwa kuninusa. "Umejipaka nini, binti?" Dawa ya mbu, nikamjibu. Akanirudisha nyumbani Diani nikaoge. "Hapa tunatafuta chembe ya sumu ndani ya mtungi mzima. Ukija nayo mwilini, tutakuwa tunakupima wewe."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji tuliyatikisa pamoja na kiyeyusho, kimiminika kinachovuta mabaki ya dawa za shamba kutoka majini. Kiyeyusho tulikikausha hadi kikabaki kidogo, tukakidunga kwenye mashine yenye mrija mrefu mwembamba. Kila dawa hutoka mrijani kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye kompyuta. Mboga tulizisaga kwanza. Sampuli tulichukua kwa chupa za kioo tu, kwa sababu dawa hunata kwenye plastiki kama shombo ya samaki mkononi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, watoto wa kijiji kimoja karibu na Gazi waliugua, wakitapika na kutokwa jasho. Maji ya kisima chao yalipoletwa, kilima kilipanda: dawa ya wadudu wa nyanya. Mkulima wa nyanya pale alikuwa mmoja tu, Mama Mwende, aliyehamia kutoka bara. Habari zikafika kijijini kabla ya ripoti, na vijana wakampa muda hadi Ijumaa awe amehama.

"Matokeo ni matokeo," alisema mkuu mpya. "Tia sahihi."

"Maji haya yalichotwa kwa chombo gani, bosi? Sitii sahihi kabla sijajua. Nipe gari."

Nilikuwa na hasira, na hofu pia.

Alhamisi hiyo vijana walikizunguka kisima, wamekunja mikono. Nilimwamkia Mzee Bakari, mwangalizi wa kisima.

"Marahaba, mwanangu. Chota upesi, hawa siwawezi tena."

Akaninyooshea ndoo: nusu ya dumu la plastiki, limefungwa kamba. Nikateremsha chupa yangu mwenyewe kisimani, kisha nikajaza nyingine kutoka kwenye ndoo.

"Mzee, dumu hili limetoka wapi?"

"Nililinunua Ukunda, tupu. Nikalikata, nikaliweka hapa liwe sadaka ya marehemu mama yangu."

Mashine ilifanya kazi hadi alfajiri. Maji ya kisimani: mstari umelala. Maji ya ndoo: kilima kile kile. Dumu lile liliwahi kubeba dawa, nayo ilikuwa imenata kwenye plastiki.

Nilifika asubuhi na jibu mkononi. Nyanya zote zilikuwa zimeng'olewa, na Mama Mwende alikuwa akipakia magodoro kwenye pikapu. Niliposema nilichokiona, Mzee Bakari alilia mbele ya vijana wote.

"Sumu ilikuwa yangu, mama. Nisamehe, usiondoke."

"Nimekusamehe, mzee. Wewe hukujua ile ni sumu. Lakini hawa walinijua mimi."

Akapanda gari.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara hunisifu kwa kipimo kile. Kilikuwa sahihi kabisa. Shamba la Mama Mwende limeota magugu.