Ngozi Mpya ya Dada Yangu

Nikiona chupa iliyoandikwa asidi ya glikoliki au salisiliki, hasira bado hunipanda. Ni dawa za kuchubua uso, na wenye maduka huzipanga karibu na mafuta ya watoto, bila haya.

Dada yangu aliinunua yake mjini Meru, upande wa Kinoru, siku chache kabla ya wakwe kuja kutoka Embu kwa mambo ya mahari. Alitaka madoa ya chunusi yatoke. Muuzaji alimwonya, "Hii inatoa ngozi ya zamani. Ukishapaka, usikae kwa jua."

"Jua gani, na baridi hii yote?" dada aliniuliza tulipofika nyumbani, akicheka. Sisi wa kwenye majani chai jua tunalolihesabu ni lile la kule chini Tharaka, kwenye joto. La kwetu huwa tunalisahau. Akapaka, na kwa kuwa mama alitulea kwa kutupaka ndimu kwenye madoa, akaongeza ndimu juu ili dawa ifanye kazi haraka. Kisha akabeba kikapu mgongoni, akaenda kuchuma chai kichwa wazi.

Jioni uso ulikuwa unawaka. Kufikia siku ya wageni ulikuwa umebabuka, mabaka meusi mashavuni, macho yamevimba. Daktari alisema ngozi itarudi, ila polepole. Dada hakumwambia mchumba wake neno. Alimwomba baba siku isogezwe, baba akakataa.

"Kwani anaoa uso?" alisema.

Swali hilo liliniudhi sana, maana ndilo dada alilokuwa akijiuliza kila alipopita kwenye kioo.

Basi tukafunikwa leso gubigubi, wasichana wa kimo kimoja, ili mchumba amtafute wake kama ilivyo desturi. Nilisimama kando ya dada. Chini ya leso niliona viatu vya shemeji vikija, vikasimama mbele yake. Akamfunua.

"Huyu si yeye," alisema kwa upole, kama anayemwomba mgeni radhi, akamfunika tena.

Akaja kwangu, akanifunua, akatabasamu. "Huyu namjua. Ni mdogo wake."

Niliona aibu kuwa na uso wangu.

"Ni mimi," dada alisema kutoka ndani ya leso, na akaishika kwa mikono miwili asije akafunuliwa tena.