Vioo vya Juu Kinuni

Harufu ya mashudu ya pamba hunirudisha Biharamulo papo hapo. Juzi lori lililobeba mashudu ya ng'ombe lilinipita barabarani, nami nikasimama nikinusa mpaka watu wakaanza kunitazama.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mchaguzi katika kinu cha kuchambua pamba. Alitenga pamba safi na pamba fifi, ile iliyopoteza weupe, kabla haijaingia mashineni. Kuuliza si ujinga, husema watu, ila mama alisema kwangu mimi kulikuwa ugonjwa. Jengo lile lilinishinda: kuta za matofali hazina dirisha hata moja, halafu madirisha yamepangwa juu, kwenye paa lenye meno kama msumeno. Nani atachungulia huko, ndege? Tata akanieleza kwamba vioo vyote vinatazama kusini, kwa kuwa msimu wa pamba jua hupita kaskazini. Mwanga unaingia, jua lenyewe linabaki nje, na rangi ya pamba inaonekana ilivyo.

Lakini macho ya Tata yalikuwa yanaisha nguvu. Nyumbani tulijua, kinuni wangejua, kazi ingekwisha. Basi siku za likizo nilimpelekea chakula, nikabaki naye kwenye meza yake ya kuchagulia mpaka jioni. Alinyanyua bonge la pamba na kuninong'oneza, "Mwanangu, hii unaionaje?"

"Ina umanjano, Tata."

"Fifi!" alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyejionea mwenyewe.

Aliyetutia hofu ni msimamizi, mtu mnene aliyehema hata akitembea. Kila Jumatatu alipanda ngazi mwenyewe, kitambaa begani, akafuta kioo cha juu ya meza yetu. Vingine aliviacha na vumbi lake. Nilijua anatuchungulia. Nilijifanya nachezea mbegu.

Miaka mingi baada ya kumzika Tata, nilimkuta msimamizi huyo nyumbani kwa mwanawe, huko Nyakahura.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani vile?"

Nilimtajia Tata, na sikuweza kujizuia: kwa nini alikuwa akipanda juu kutuchungulia?

Alicheka mpaka akakohoa. "Kuwachungulia? Baba yako alikuwa haoni, mwanangu. Ningefanya nini zaidi?"

Utoto wangu wote nilimchukia mtu aliyekuwa akituongezea mwanga.