Mlango wa Bafu Namba Tisa

Kaka yangu walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha hewa kinachotakiwa kutulia katikati. Lilimkaa sawasawa. Hata picha ikining'inia upande ukutani kwangu, ataacha chai ipoe akainyooshe. Mtu wa kuudhi, sitaficha. Na mama yetu alikufa nyuma ya mlango aliouweka yeye.

Kazi yake ni kutengeneza mabafu ya makao ya wazee. Aliianza baada ya baba kuteleza bafuni kwetu akavunjika nyonga, asiinuke tena kitandani. Tangu hapo kaka alivichukia vigae vinavyong'aa utadhani vimemtukana.

Kabla ya kukabidhi bafu lolote, anageuka mzee. Anatia kokoto viatuni, anafunga mkono mmoja kifuani kwa kitambaa, anavaa miwani aliyoipaka mafuta ili aone ukunguukungu. Kisha anaingia, anakaa chooni, anainuka, anatafuta bomba. Chuma cha kushikia kikiwa juu kidogo tu, anaking'oa na kuanza upya. Mafundi wenzake walicheka mbavu ziwaume.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wajukuu," anajibu, huku akiburuza miguu.

Alipopata kazi ya mabafu kumi na manne kwenye makao mapya, akasema mama, niliyekuwa nakaa naye mimi, ahamie huko. Nikapandisha hasira.

"Mama ana watoto wawili wazima, leo umpeleke kwa watu baki?"

"Bafu lako lina kizingiti, na sakafu yake ni kioo kitupu," akasema. "Unataka aende kama baba?"

Mama ndiye aliyetukatiza. "Acheni kelele. Nitakwenda nikaoge kwenye kazi ya mwanangu."

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kwenye mchoro wa kaka, milango ya mabafu ilifungukia koridoni. Meneja wa makao akaja juu: eti itagonga vigari vya chakula, koridoni hapapitiki. Kaka akaigeuza yote ifungukie ndani. Akatia kokoto zake viatuni, akaingia, akatoka, akaona sawa. Alijaribu kila anachofanya mzee bafuni isipokuwa kuanguka.

Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda kumsuka mama. Jumamosi ile alitaka kuoga kwanza. Nikainuka nimsindikize.

"Kaa hapo," akanikemea. "Tangu lini nimekuwa mtoto mchanga?"

Nikakaa kwenye benchi la koridoni na kitana changu, mbele ya bafu namba tisa. Nikasikia kishindo, kisha maji yakiendelea kumwagika. Nikakimbilia mlango. Ulifunguka upana wa vidole viwili, ukagota. Ulikuwa umegota kwa mama.

Kaka alikuwa jengo la pili, anamalizia vigae. Alikuja mbio na mkoba wake wa vifaa, wahudumu wawili nyuma yake. Akatazama ukingo wa mlango akitafuta bawaba, alegeze skrubu autoe mzima. Mlango ukifungukia ndani, bawaba nazo huwa ndani. Dirisha lilikuwa la kupitishia hewa tu, hata paka angepita kwa shida. Nikaona uso wake ukisawajika.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka chini.

"Ni mimi, mama."

"Vyuma vyako havina neno, mwanangu. Nimekosea mimi, nimeinama kuokota sabuni."

"Usiseme, mama. Nakuja."

Akaanza kukata mlango kwa msumeno wa mkono, sehemu ya juu, mbali na kichwa chake. Ulikuwa wa mbao ngumu. Alizichagua mwenyewe, na alizisifia sana. Kila baada ya muda aliita, "Mama?" na mama akaitika. Alipofika katikati, akaita mara tatu. Mama hakuitika, naye hakuacha kukata.

Ilichukua dakika arobaini. Hospitali walituambia damu ilikuwa imevujia kichwani, na muda ulikuwa umepita mno. Siku ya mazishi nilimwambia mbele za watu, "Umemuua mama." Hakujitetea. Miezi mitatu sikupokea simu yake.

Nikasikia amerudi makaoni, anageuza milango yote kumi na minne peke yake, bila kutumwa na mtu. Meneja alifoka hadi akachoka. Kisha kaka akanitumia ujumbe: "Njoo namba tisa. Sina mwingine wa kumwomba."

Nilikwenda na hasira zangu zote. Jamani, alikuwa amekonda, shati linampwaya. Kokoto viatuni, mkono umefungwa. Aliingia, akafunga mlango, nikasikia akijilaza sakafuni.

"Fungua," akasema.

Nikashika kitasa. Nikashindwa.

"Fungua, dada."

Nikavuta. Mlango ukaja kwangu kwa kidole kimoja, haukumgusa popote. Alikuwa amelala kiubavu, kichwa pale pale kilipokuwa cha mama, macho amefumba. Urahisi ule uliniuma kuliko msumeno.

Nikakaa chini mlangoni. Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

"Siku ile, kabla hujafika, niliusukuma kwa nguvu zangu zote. Mara mbili. Mara ya kwanza alipiga ukelele. Nikasukuma tena."

Kisha, bado amelala, akakifungua kile kitambaa cha mkononi, akaunyoosha mkono wake sakafuni mpaka ukafika mguuni kwangu.

"Pembe ya mlango ilimgonga," akasema. "Niliona alama kichwani nilipokuwa namwinua."

Alijua. Miezi mitatu yote alijua, na mazishini aliniacha nimwite muuaji.