Jiwe Nyuma ya Gurudumu la Papa

Kabla sijaeleza lililotokea, yafaa nieleze kwanza hali ya chuma katika mji wa Goma, maana bila hiyo huenda ukamhukumu papa, baba yangu, vikali kuliko anavyostahili. Mvua yetu hainyeshi peke yake. Hupita kwanza katika moshi wa volkano ya Nyiragongo, ikabeba majivu laini na ukali fulani ambao ulimi huutambua kabla ya jicho, kisha hutua juu ya mabati, bawaba za milango na magari. Bati jipya huwa jekundu kwa kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza kulisifu. Sisi watoto tulikatazwa kukinga maji ya mvua ya kwanza, na kazi yetu ya kila Jumamosi ilikuwa kufuta majivu juu ya gari la papa kwa kitambaa chenye maji, kwa upole, ili yasikwaruze rangi. Maji yale yalitoka ndooni kijivu kama uji wa mtama, na mikono yetu ilinuka kiberiti hadi wakati wa kula dagaa wa sambaza na ugali wa fufu.

Hali hiyo ilizaa desturi. Mtu wa Goma anapoliacha gari kwa muda mrefu havuti breki ya mkono. Anajua kwamba mvua ya majivu itaingia ndani ya gurudumu, na vile vipande vinavyobana vitashikana na chuma kana kwamba vimechomelewa. Kwa hiyo huiachia breki, huokota jiwe jeusi la volkano, ambalo katika mji wetu halihitaji kutafutwa, na kuliweka nyuma ya gurudumu. Mama, aliyezaliwa hapo Munigi, kando ya mji, aliona jambo hilo kuwa la kawaida kama kufunika chungu.

Papa alikuwa mtu wa Butembo. Huko kwenye vilima, gari lisilovutwa breki hadi mwisho huonekana asubuhi katika migomba ya jirani, na mwenye gari huonekana mjinga. Alikuja Goma kufundisha, akaja na mkono wake wa Butembo. Jiwe nyuma ya gurudumu lilikuwa kwake ushahidi wa uzembe na wa unyonge. Mama alipomwambia aliweke, alijibu kila mara kwa maneno yaleyale, ambayo sisi watoto tuliyaiga tukicheza, tukiiita breki freni kama yeye: “Gari iko na freni, haiwekewake jiwe.”

Juzi nilipita mtaani kwetu wa zamani, nikaona taksi imesimama mbele ya duka, jiwe limekaa nyuma ya gurudumu lake kwa utulivu wa mbwa anayelinda mlango. Uso ulinipanda joto. Mimi, mwanamke mzima, ambaye wanafunzi husimama anapoingia darasani, niligeuza macho kama niliyeona kitu cha siri cha mtu. Ndipo nikajua kwamba aibu ya mzazi haizikwi naye.

Ilikuwa hivi: dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa na kijana wa Masisi. Ndugu walikuwa wamejitolea kutafuta gari jipya la kumbeba, lakini papa alikataa. Alitaka kumpeleka binti yake mwenyewe, kwa gari lake, ashuke naye mbele ya kanisa na kumtembeza kwa mkono hadi kwa mumewe. Alisema hivyo mezani, mbele ya wakwe walioleta jibini ya milimani, na baba wa bwana arusi, mzee mfugaji mwenye kofia pana na fimbo, akaitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa neno lililotolewa. Majuma kadhaa kabla ya harusi papa aliliosha gari, akaliegesha uani, akavuta breki ya mkono hadi ikalia kwa mara ya mwisho, ili lisichafuke tena. Mvua ikanyesha juma baada ya juma.

Asubuhi ya harusi ua ulijaa moshi wa kuni na harufu ya nyama ya mbuzi. Papa, akiwa amevaa suti, aliwasha gari. Injini iliitika vizuri. Gari likajivuta kwa miguu mitatu: gurudumu la nyuma la kushoto halikuzunguka hata kidogo, likachora mfereji katika changarawe nyeusi. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele waliinua vichwa. Jirani yetu, dereva wa lori la Bunagana, alichungulia juu ya ukuta akauliza kwa sauti ya kutania kama gari nalo lilikuwa linakataa kumtoa mtoto. Kila mtu alicheka, isipokuwa papa na mama.

Papa alivua koti. Aliinua gurudumu kwa jeki tunayoiita kriki, akamwaga mazutu, yaani dizeli, ili kulegeza kutu, akaligonga kwa nyundo huku ameweka kipande cha ubao katikati ili asivunje kitu. Aligonga kwa mpangilio, kama afanyavyo mtu aliyesoma. Chuma hakikujali. Mama alimletea maji ya kunawa, akasimama kando yake bila kusema neno, na nadhani ukimya ule ulimuumiza kuliko utani wa jirani. Mwishowe aliingia garini, akalisukuma mbele na nyuma kwa nguvu zote za injini, mpaka kikasikika kishindo kama mlango wa chuma uliopigwa na upepo. Gurudumu likazunguka. Lakini mkono wa breki ukalala sakafuni bila nguvu, kwa kuwa kamba yake ilikuwa imekatika, na ndani ya gurudumu kitu kilichovunjika kikaanza kugongagonga. Breki ya mguu ilishika bado kwa magurudumu ya mbele. Papa aliijaribu uani mara kadhaa, akasema inatosha.

Nilikaa nyuma, nimeshika shela ya dada isikanyagwe. Njia nzima kitu kile kiligonga, na nyuma yetu msafara ukapiga honi na nyimbo. Dada aliniambia sikioni kwamba hiyo ndiyo ngoma ya harusi yake. Nilicheka, kisha nikaona kwenye kioo macho ya papa, nikaacha.

Kanisa la parokia lilisimama mahali palipoinuka. Wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni na kando ya njia, na wengine walipita nyuma yetu. Papa alisimamisha gari, akanyoosha mkono kwenye breki, akaukuta ule ulegevu. Alipoachia mguu, gari likarudi nyuma. Watu wakaruka pembeni. Alikanyaga tena. Aliingiza gia ya kwanza, lakini gia ile ilikuwa imezeeka, ikaruka kama kawaida yake, na gari likarudi tena. Basi akabaki hapo, mguu juu ya breki, mikono miwili kwenye usukani, akitazama mbele kana kwamba safari ilikuwa inaendelea. Dada alishuka. Mimi pia nilishuka, nikiwa bado nimeshika shela.

Bustani ya kanisa ilizungushiwa mawe meusi, yote ya ukubwa uliofaa. Hakuna ambaye hakuyaona. Mama aliinama dirishani.

“Baba watoto, tuweke jiwe.”

“Si mbele ya bakwe.”

Jirani alikuja, akasema papa amwachie yeye pedali, akae hapo badala yake. Papa akakataa, akisema atashuka mwenyewe sasa hivi. Kwaya ilianza wimbo wa kuingia, ikanyamaza, ikaanza upya. Padri alitoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani. Jasho lilikuwa likishuka nyuma ya masikio ya papa, na suruali yake ilikuwa na doa la mazutu gotini. Dada, akiwa ameshika maua, alimwuliza taratibu sana: “Papa, nitaingia peke yangu?”

Papa aliutazama mguu wake. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu kwa kiasi kile na kushindwa kusogeza mguu.

Ndipo mzee wa Masisi alipoondoka mahali pake. Sisi tulikuwa tumefunzwa tusipite hata mbele yake bila kuinama. Aliegemeza fimbo ukutani, akang'oa jiwe katika bustani, akalibeba kifuani kwa suti yake ya harusi. Akapiga magoti nyuma ya gari letu, akalisukuma jiwe chini ya gurudumu, akalipapasa bodi kama mtu anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamwa. Kisha akaja dirishani akijipangusa.

“Kwetu Masisi,” akasema, “jiwe njo inabakiaka na gari, dereva anaingia kanisani. Shuka, mukwe. Mutoto anakungoja.”

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha wema. Nimekipima tangu siku ile na sijakuta ubaya ndani yake. Papa aliinua mguu polepole. Gari halikusogea. Akashuka akiwa ameinamisha kichwa, akampa mzee mkono wake wenye mazutu, naye mzee akampa wake wenye vumbi jeusi.

Katika picha moja ya siku ile, papa na dada wanapanda ngazi, na pembeni, chini, jiwe linaonekana. Papa aliomba itundikwe nyingine. Leo papa hayupo. Vita vimeacha vilima vya mzee bila ng'ombe, na wajukuu zake niliwakuta katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, chini ya hema. Uani petu pana ghorofa ya mtu mwingine. Nikifikiri kwamba wakati mmoja jiwe moja liliweza kuwa fedheha kubwa kuliko zote nyumbani kwetu, nauonea wivu wakati ule, na bado uso wangu unapata joto.

Papa alimtembeza dada hadi altareni. Jioni vijana walilisukuma gari hadi nyumbani, na Jumapili iliyofuata tulikwenda misani kwa miguu.