Aliyeniomba Moto kwenye Shamba la Ziwa

Mimi ni mkristo na sina mazoea ya kusimulia mizimu. Hili lilinipata mwenyewe, mwaka ule mume wangu alipochukuliwa kulima barabara ya Wabelgiji. Ukitaka kucheka, cheka, ila ngoja nimalize.

Kwetu Mokoto, kiangazi ziwa hurudi nyuma na kuacha tope jeusi. Humo tunapanda maharagwe, tunavuna kabla mvua haijalirudisha ziwa mahali pake. Kila mama husimika kijiti mwisho wa shamba lake upande wa maji, na hakipiti. Mimi nilikipita. Tamaa, basi. Nikapanda tena tope lilipozidi kuonekana, na hayo maharagwe yakachelewa. Wenzangu wakavuna wakarudi nyumbani mlimani, nikabaki na Mapendo, binti yangu wa miezi mitano, katika kibanda cha nyasi, tukilinda shamba lisiliwe na nyani.

Jua lilikuwa linazama mama mmoja alipokuja. Simjui. Nguo zake zilidondosha maji, na wiki hiyo kwetu hakukunyesha hata tone.

"Mama, unipatie moto," akasema.

Moto hatumnyimi mtu. Nikamwekea kaa moja kwenye kigae. Akatikisa kichwa.

"Unipatie yote."

"Yote? Na huyu mutoto atasikia baridi."

"Njo maana, ni kwa sababu hiyo nabeba yote."

Akayazoa makaa kwa mikono mitupu, niamini, akayatia kigaeni, akaondoka kuelekea mlimani. Hasira zilinipanda. Ningelalaje bila moto? Nikamfunga Mapendo mgongoni, nikamfuata nikimtukana. Kufika kwenye jiwe ambapo mlima unaanza, nikakuta kigae, makaa yanawaka, mtu hakuna. Nikageuka kutazama tope. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Unadhani nilirudi kibandani? Nilikimbilia kwa mama mkwe.

Asubuhi ziwa lilikuwa limejaa. Usiku mvua kubwa ilinyesha huko mito inakotoka, na pale kibanda kilipokuwa palikuwa maji matupu. Nilipiga magoti, nikamkumbatia mwanangu, nikalia kwa shukrani.

Katekista alisema yule ni malaika. Mama mkwe alisema ni mama aliyezama zamani akisubiri maharagwe yake yakauke. Mimi simpi jina, namshukuru tu. Kila kiangazi naacha makaa juu ya jiwe lile. Maharagwe yale ya kuchelewa sikuvuna hata punje, lakini Mapendo ameshanizalia wajukuu wanne.

Nawe ukilima tope la ziwa, usikipite kijiti chako. Na akija mgeni aliyelowa kukuomba moto, mpe wote, kisha mbebe mtoto umfuate.